Tangi la maji ya bahari: kanista, sampu au skima?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Tanga, nafuga samaki wa maji baridi na sasa nataka tangi la maji ya bahari, lita 200. Muuzaji anasema chujio la kanista nililonalo, yaani lile kopo lililofungwa lenye sponji na pampu, latosha, nichote maji baharini, na baada ya siku tatu nitie samaki. Rafiki yangu anasisitiza lazima niwe na sampu, yaani tangi la pili la kuchujia lililo ndani ya kabati chini ya tangi kuu, na skima ya kutoa povu. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwa upande wa vifaa, rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli. Hizo siku tatu zisahau kabisa.

Sehemu kubwa ya kuchuja katika tangi la bahari hufanywa na mawe. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye vitundu vya mawe huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana. Tia kipande cha kamba mbichi kioze humo, upime maji kila baada ya siku chache. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata njia hiyohiyo. Zote mbili zikisoma sifuri na nitrati ikaonekana, hapo ndipo tangi liko tayari.

Kwa lita 200 tafuta mawe ya kilo 20 hivi. Usiende kuvunja tumbawe baharini. Hapo kwenu kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Tumia mawe makavu ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yale mepesi yenye vitundu vingi. Yasugue na kuyaloweka vizuri kwanza.

Sasa hiyo kanista. Si mbaya, lakini uchafu unaonaswa ndani yake hubaki kwenye maji yaleyale, unaoza na kuongeza nitrati. Usipoosha sponji mara kwa mara umejifugia tope. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, oksijeni humo huisha, bakteria hufa, na umeme ukirudi pampu inawamwagia samaki maji machafu. Skima hufanya tofauti: viputo vidogo mno hunasa uchafu wa protini na kuutoa nje ya maji kabla haujaoza. Kwa hiyo, fedha ikitosha kifaa kimoja tu, nunua skima. Zipo za kuning'iniza nyuma ya tangi, zisizohitaji sampu.

Sampu ni nzuri, ila ina mtego wake. Pampu inayorudisha maji juu ikizimika, maji ya tangi la juu huvutwa kupitia bomba lake na kuteremka mpaka yafike chini ya mdomo wa bomba hilo. Sampu ikiwa imejaa, maji yataishia sebuleni. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha maji, chini kidogo ya usawa wa maji, ili lipate hewa na kukata mvuto. Kisha zima pampu kwa makusudi, uone maji yanaishia wapi. Fanya jaribio hilo kabla hujanunua samaki hata mmoja. Na kabati liwe imara: maji peke yake yana uzito unaozidi kilo 200.

Maji ya bahari unaweza kuchota, kwa kuwa uko pwani. Yachote wakati yamejaa, mbali na mdomo wa mto, bandari na mitaro, na uache kabisa siku za mvua kubwa. Pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi: lenga gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Yanapopungua kwa mvuke, ongeza maji baridi yasiyo na klorini, si ya bahari, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Wanaoanza wengi hukosea hapa, na chumvi hupanda kimyakimya.

Hita huenda usiihitaji Tanga. Utahitaji feni ya kupuliza juu ya maji ili joto libaki kati ya nyuzi 25 na 27. Nunua pia pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya kukatika umeme.

Anza na samaki wawili wadogo, kisha subiri wiki mbili au tatu kabla ya kuongeza. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Na waambie wa nyumbani wasipulize dawa ya mbu chumba hicho: skima huvuta hewa ya ndani, na viuadudu hivyo ni sumu kali kwa samaki, kamba na kaa.