Usukani wa gemu utakupa mpangilio, klachi utaikuta garini

Vijana wanaokuja kujifunza gari hapa Dodoma wakiwa wameshacheza gemu kwa usukani huwa nawatambua mapema. Mkono wa kushoto unaifuata gia wenyewe, na macho hayashuki kutafuta pedeli. Asiyewahi kugusa chochote humaliza siku za mwanzo ameinamia miguu yake, huku saa za mwalimu anazilipia.

Kwa hiyo kama unao usukani, au rafiki yako anao, utumie, ila uwe na pedeli tatu na gia ya mkono. Ule wa kubadilia gia kwa vidole nyuma ya usukani ni wa kujifurahisha tu. Usukani wa Logitech G29 una klachi, na unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, jambo linaloikaribia gari ya kweli. Tatizo ni kwamba gia yake ya mkono, yenye namba sita, huuzwa peke yake. Ukiipata, ifunge kushoto. Wengi mtandaoni wanaifunga kulia kwa kuwa kwao usukani wa gari uko kushoto. Ukiwaiga, siku ukipanda Hiace utabaki unapapasa mlango.

Pedeli zisukume mpaka ukutani, maana kwenye vigae zinateleza. Kiti cha ofisini chenye magurudumu kiache.

Gemu za mashindano weka kando. Kwenye Euro Truck Simulator 2 peleka mizigo Uingereza, wanakopita kushoto kama sisi, na uchague lori la usukani wa kulia. BeamNG.drive ni nzuri zaidi kwa anayeanza: ukiweka gia katika hali halisi, ukiachia klachi ovyo gari linazimika. Klachi ya kujiendesha yenyewe izime kwenye mipangilio, la sivyo unajidanganya. Kisha rudia kuondoka na kusimama mpaka ikuchoshe. Klachi chini, namba moja, mafuta kidogo, achia. Unaposimama, breki kwanza. Klachi ifuate mwishoni, gari likikaribia kutetemeka. Wengi hukimbilia klachi mapema, wakalikosesha gari nguvu ya injini ya kulipunguza mwendo.

Sasa klachi yenyewe. Pedeli ya gemu ni springi tu, haikuambii lolote. Kwenye gari, ukiachia taratibu unafika mahali sahani ya klachi inapoanza kushika: mlio wa injini unashuka, kiti kinatetemeka kidogo, gari linataka kwenda. Mguu unatakiwa utulie hapohapo, na mahali hapo hapalingani kwa magari yote. Canter moja itashika mguu ukiwa karibu kutoka, nyingine ukiwa bado chini. Tafuta kiwanja kitupu cha tambarare, weka namba moja, usiguse mafuta kabisa, achia klachi polepole mpaka gari litembee lenyewe. Likisogea, kanyaga, simama, anza tena. Usiharakishwe kutoka hapo. Ukishaweza, nenda kwenye mteremko, mfano zile barabara za kupanda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ujifunze kuondoka kwa handbreki bila kurudi nyuma.

Breki nayo ina mtego. Ya G29 ni ngumu, inataka mguu wa nguvu. Ya gari ina msaada wa injini. Ukiikanyaga kwa mazoea ya gemu, mwalimu atasalimiana na kioo.

Halafu kwenye gemu macho hubaki mbele kwenye skrini. Bodaboda anayejipenyeza kushoto kwako ukikata kona hayumo, wala mbuzi wa njia ya Kondoa. Shingo lazima igeuke, saiti mira zitazamwe.

Ukishapata leseni ya kujifunzia, siku ya kwanza mwambie mwalimu wazi kwamba gia na pedeli unazijua kwa gemu, ila klachi ya gari hujawahi kuisikia mguuni. Mwalimu mzuri hatakupotezea saa kukutajia pedeli. Atakupeleka moja kwa moja kwenye lile zoezi la namba moja bila mafuta.