Jibu: Fundi wa pevingi anataka asilimia 70 kabla ya kuanza, nimpe?

Habari mkuu. Njia ya gari ya pevingi (matofali ya zege ya kupanga chini) huko Buswelu, Mwanza, yenye mteremko, na fundi anataka asilimia 70 ya malipo mkononi. Usimpe. Nunua vifaa mwenyewe, ufundi ulipe kwa hatua, na kiasi ukizuie mpaka mvua kubwa moja ipite.

Kwanza muulize atachimba kina gani. Akisema anamwaga mchanga juu ya udongo na kupanga, achana naye; hapo ndipo matairi huchora mifereji. Gari dogo linataka moramu (udongo wa changarawe) ya sentimita 10 hadi 15 iliyoshindiliwa kwa mashine (si kwa miguu ya vibarua), mchanga sentimita 3 au 4, kisha pevingi za unene wa milimita 60. Kama lori la maji litaingia, chukua za 80.

Kwa vilima vyetu vya Mwanza, kinachoua kazi ni kingo. Kabistoni za pembeni (mawe ya zege ya ukingo), na hasa ile ya chini kabisa, zishikwe kwa zege, la sivyo pevingi zote zitateremka taratibu na nafasi kufunguka huko juu.

Akupeleke kwenye kazi yake iliyokwishapigwa na masika. Mwaga ndoo ya maji. Yakituama katikati, umeshajibiwa.

Pevingi zenyewe gonganisha mbili: mlio mzito na kingo kumeguka maana yake hazikumwagiliwa maji vya kutosha baada ya kufyatuliwa.