Mfamasia Anajibu: Maranda ya Msaji Hayanywewi

SWALI: Mimi ni seremala. Miaka 6 nimefanyia kazi mbao za msaji, au mtiki kama wengine wanavyouita, bila shida yoyote. Siku hizi nikipiga msasa tu, chafya mfululizo, na mikono inawasha hadi viwikoni. Mwenzangu wa karakana ananiambia nichemshe maranda yake ninywe: eti mwili utazoea, tena yanatibu saratani. Nifanyeje?
– Fundi Mwenye Muwasho

JIBU: Usinywe, fundi. Na hiyo miaka 6 isikushangaze. Mzio huja baada ya mwili kukutana na kitu mara nyingi.

Siku moja chuma jani changa la msaji ulifikiche. Kiganja kitakuwa chekundu kama umechinja kuku. Mti huu ni duka la kemikali, na kwenye kiini cha shina zimo za jamii ya kwinoni. Mojawapo, tektokwinoni, huwakimbiza mchwa, ndiyo maana mbao hii inasifiwa. Nyingine, deoksilapakoli, hunata kwenye protini za ngozi, na kinga ya mwili ikishaiona adui, hata vumbi kidogo linatosha kuwasha moto.

Habari ya saratani haikuzuka hewani. Msaji una kemikali ya lapakoli pia, ambayo Marekani waliijaribu kwa wagonjwa wa saratani, wakaiacha mwaka 1970. Dozi kubwa ziliwatapisha watu, na dawa yenyewe haikufikia kiwango kilichotakiwa kwenye damu. Isitoshe, lapakoli huingilia kazi ya vitamini K, damu ikachelewa kuganda. Wewe unayeshinda na msumeno mkononi, unaitaka hiyo?

Kibaya zaidi, tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani, hasa ya pua. Kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi (kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi), mikono mirefu, na usijipulize nguo kwa kompresa. Nawa kwa sabuni. Marehemu baba, naye seremala, alikuwa akijipaka mafuta ya taa kukata muwasho. Yalimchubua ngozi, muwasho ukabaki palepale.

Kifua kikianza kubana au kupiga miluzi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa daktari wa ngozi, zitaje mbao zako kwa majina. Ukisema “vumbi” tu, hatajua aanzie wapi.