Barua kwa Mwanangu: Nyumba ya Kuzeekea

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama nihamie kwenu, niende kwenye makao ya wazee, au nibaki hapa nyumba ifanyiwe marekebisho. Nakushukuru kwa kuniuliza mapema, kwani wazee wengi huhamishwa kwanza na kuulizwa baadaye. Nimeamua kubaki, na naomba usidhani ni ukaidi.

Wiki iliyopita niliamka usiku kwenda chooni. Kizingiti cha bafu, ambacho kimo chake hakizidi vidole vitatu, kilinikwaa, nikajishikiza kwenye chuma cha kutundikia taulo, kikang'oka na skrubu zake. Sikuanguka, ila nilisimama gizani kwa muda mrefu, chuma kikiwa mkononi, nikiogopa kuinua mguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaofariki kwa wingi zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Kwa hiyo tuanzie bafuni. Kizingiti kiondolewe, vigae viwe visivyoteleza, na vyuma vya kushikia vifungwe kwenye ukuta ulioimarishwa, viweze kubeba uzito wote wa mtu anayeteleza. Mlango uwe na upenyo usiopungua sentimita 80 na ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake mwenyewe huwazuia wanaokuja kumwokoa. Nafasi ya ndani ifikie mduara wenye upana wa sentimita 150, kiti cha magurudumu kiweze kugeuka. Leo sikihitaji, lakini sioni sababu ya kubomoa ukuta ule ule mara mbili. Taa za kutoka kitandani hadi chooni ziwe hafifu na ziwake zenyewe.

Pale mlango wa mbele, umependekeza mteremko mahali pa ngazi. Kumbuka kwamba kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu zina sentimita 45, hivyo mteremko utafika mita 5.4. Ukifupishwa, utakuwa wa hatari kuliko ngazi zenyewe.

Kwenu napapenda, lakini vyumba vya kulala na bafu viko ghorofani, na magoti yangu yangenifanya mfungwa wa huko juu. Makao ya wazee siyadharau hata kidogo. Nikifikia kuhitaji uuguzi usiku na mchana, nipeleke bila kujilaumu. Kwa sasa macho yananipungukia, na hii ndiyo nyumba pekee ambayo mikono yangu inaijua.

Siku fundi atakapokuja, naomba uwepo. Kabla hajatoboa ukuta, nataka nikae na kuinuka mbele yenu, mweke alama pale mkono wangu unapotafuta pa kushika.

Mama yako