Maswali ya Wasomaji: Bimetali si aloi

SWALI: Ndugu Mhariri, katika maelezo ya pasi ya umeme nimesoma "ukanda wa bimetali". Mwenzangu anasema hiyo ni aloi tu. Sarafu zenye rangi mbili nazo huitwa za bimetali. Je, maana ni moja? Na tuandike "bimetali" au "metali mbili"?

JIBU: Maana ni moja, ila kwenye aloi mwenzako amekosea. Aloi ni metali zilizoyeyushwa pamoja hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Shaba ya manjano, kwa mfano, ni shaba nyekundu na zinki. Bimetali ni metali mbili zilizoshikanishwa, kila moja ikabaki na tabia yake. Ukitazama ukanda huo ubavuni utaona tabaka mbili. Tabaka moja laweza kuwa aloi, na kitu kizima kikabaki bimetali.

Kwenye pasi tabia hizo mbili ndizo zinazofanya kazi. Chukua ukanda wa sentimita 10, unene milimita 1, nusu shaba ya manjano, nusu feleji, uupandishe joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Shaba peke yake ingerefuka milimita 0.19, feleji 0.12. Tofauti ni ndogo mno, lakini kwa kuwa hakuna tabaka linaloweza kuliacha jingine, ukanda hujikunja, shaba ikikaa upande wa nje, na ncha isiyofungwa husogea kama milimita 5. Hizo zinatosha kabisa kuachanisha swichi. Pasi ikipoa, ukanda hunyooka na umeme hurudi. Ndiyo maana kile kitaa huwaka na kuzimika.

Pasi ikianza kuunguza nguo, watu huulaumu ukanda. Mara nyingi tatizo liko kwenye ncha za swichi: cheche huziunguza kila zinapoachana, mwisho zikagandana, umeme usikatike. Zikiota masizi, pasi haishiki moto. Ichomoe kwenye soketi na uiache ipoe kabla ya kuifungua. Ncha zilizogandana usizibandue kwa bisibisi ukairudisha kazini. Badilisha swichi nzima.

Sarafu hazina mambo hayo. Ya euro 1 ina kitovu na pete za metali tofauti, basi.

Kwa uandishi, "bimetali" ni nomino: bimetali hii, ukanda wa bimetali, sarafu za bimetali. "Bi-" ni mbili, ileile iliyojificha katika "baiskeli", chombo cha magurudumu mawili. "Metali mbili" peke yake haisemi kama zimeshikana, kwa hiyo kwenye ufundi tumia "bimetali". Katika historia ya uchumi, hata hivyo, tunapendelea "mfumo wa metali mbili", yaani pesa inayopimwa kwa dhahabu na madini ya fedha kwa pamoja, kama ule wa Marekani wa mwaka 1792, ambapo uzito 15 wa madini ya fedha ulihesabiwa sawa na uzito 1 wa dhahabu. Hapo taja "madini ya fedha" waziwazi, maana "fedha" tupu msomaji ataisoma kama pesa.