Barua kwa mwanangu: Nenda Bayreuth, ila karatasi kwanza

Mwanangu mpenzi,

Bibi yako hajambo, anakusalimu sana. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma na kuurudia. Umeniuliza mambo mawili: kama muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi kule Bayreuth, Ujerumani, utakuchelewesha kuhitimu na wenzako, na mimi mwenyewe nilipata nini nilipokwenda huko nikiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1990. Nimeona nikuandikie kwa kituo, maana haya si ya kusema juu juu kwenye simu.

Nenda. Ila hilo la kuchelewa usilidharau, kwa sababu linatokea kweli, tena linawatokea watoto wenye bidii. Kinachowachelewesha mara nyingi si ugumu wa masomo ya kule, ni karatasi za hapa nyumbani.

Kabla hujaondoka utajaza mkataba wa masomo. Unasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea, na unataja kozi utakazosoma kule na kozi za kwenu zitakazofidiwa. Huo ndio ulinzi wako. Mwalimu akikwambia "haina shida, ukirudi tutaangalia", mshukuru, halafu endelea kudai saini ya mkuu wa idara, kozi zikiwa zimeandikwa kwa majina na namba zake. Mwalimu anaweza kwenda masomoni, uongozi wa idara unaweza kubadilika, ukarudi na matokeo mazuri yasiyo na pa kuingia.

Angalia na hesabu ya krediti, yaani uzito wa kila kozi. Ulaya muhula mzima ni krediti 30, mwaka 60. Kwetu, kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka ni krediti 120. Kwa hiyo kozi ya krediti 5 kule ni sawa na 10 za hapa. Ikiandikwa 5 kwa 5, utaonekana umesoma nusu muhula. Na madaraja yao yamegeuka: alama ya juu kabisa ni 1.0, na 5.0, ambayo Mlimani ni ya kujivunia, kwao ni kufeli. Hakikisha jedwali la kubadilisha alama limeambatanishwa tangu mwanzo.

Lililo gumu zaidi ni tarehe. Mihadhara ya muhula wa baridi huanza katikati ya Oktoba na kuisha Februari, lakini kozi nyingi humalizwa kwa insha ndefu ya utafiti inayoandikwa wakati wa likizo. Wenzako wengi wa kule watakabidhi zao mwishoni mwa Machi. Hadi mwalimu asahihishe na ofisi itoe matokeo, huenda kikao cha kupitisha matokeo ya mitihani huku kimeshakaa zamani. Basi mweleze kila mwalimu mapema, Novemba hiyohiyo, kwamba wewe unahitaji kukabidhi mapema, na umwombe tarehe yako. Ukieleza sababu, wengi watakuelewa.

Na ofisi ya chuo iiandikie Bodi ya Mikopo kwamba umekwenda kusoma kwa mpango wa kubadilishana, hujaahirisha masomo. Nakala ya barua hiyo ukae nayo.

Sasa nilipata nini mimi.

Kule nilichukua semina ya historia ya ukoloni, na zamu yangu ya kuwasilisha nikachagua Vita vya Maji Maji. Nilisimama mbele ya vijana wa Kijerumani ambao wengi wao hawakuwahi kusikia kwamba kati ya 1905 na 1907 serikali yao ilipigana vita kama ile kwetu. Nikawaeleza habari za Ungoni, na jinsi viongozi wa Wangoni walivyonyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Nilipomaliza hawakupiga makofi. Waligonga meza kwa vifundo vya vidole, chumba kizima, na moyo ulinilipuka kabla sijaelewa kwamba ndivyo wanavyopongeza darasani.

Halafu kijana mmoja akauliza: tunajuaje wanakijiji waliwaza nini, wakati ripoti nyingi ziliandikwa na maofisa wa Kijerumani? Nikamjibu kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo chetu walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, na masimulizi yao yakaandikwa. Mwalimu akanigeukia: na mafaili ya serikali ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam, umeyasoma? Nikamwambia siwezi, yameandikwa kwa Kijerumani.

Swali lile lilinikaa. Muhula uliobaki nilisoma Kijerumani kila siku, pamoja na mwandiko wao wa kale ambao hata vijana wa kule unawashinda. Niliporudi nikaenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, nikaomba faili, nikalisoma mwenyewe: ripoti ya ofisa juu ya kodi, pembeni mwa ukurasa, mkubwa wake ameandika kwa wino wa rangi nyingine kwamba watu hawana cha kulipa. Karatasi hiyo ilikuwa nchini mwangu miaka yote, na mimi nilikuwa mgeni mbele yake. Kazi yote niliyofanya baadaye imetokana na hapo.

Ndiyo maana nakwambia usiende mikono mitupu. Nenda na swali la nyumbani. Wewe unasoma jiografia, na chuo cha Bayreuth kimeitafiti Kilimanjaro kwa miaka mingi. Mwaka 2016 mtafiti wao Andreas Hemp ndiye aliyetangaza kwamba mti mrefu kuliko wote uliojulikana Afrika, mita 81.5, umesimama katika bonde moja la mlima huo. Katafute wanaojua misitu na maji ya mlima wetu, uwaulize vipimo vyao viko wapi, na sisi tunavipataje. Na darasani sema. Ukinyamaza kwa heshima, kule watadhani huna la kusema.

Baridi usiiogope. Desemba saa kumi na nusu jioni jua limeshatua, lakini koti zuri la mtumba kutoka soko la Karume litakufikisha, mengine utanunua hukohuko. Chukua chumba chenye jiko la pamoja, huko jikoni ndiko utakakopata marafiki.

Kwa viza, anayejilipia hutakiwa kuonyesha fedha za mwaka (mwaka 2025 zilikuwa euro 11,904) katika akaunti iliyozuiwa, ambayo hutoa kidogo kidogo kila mwezi. Wewe utabebwa na barua ya ufadhili, kwa hiyo isome kabla hujaipeleka: itaje kiasi cha kila mwezi na miezi yenyewe. Weka miadi ubalozini wiki hii, usisubiri saini zote zikamilike. Mkataba ukishauandika, nitumie picha niupitie kabla haujaenda kwa mkuu wa idara.

Mama yako