Jikoni na Shangazi: hotpot haitaki garam masala, na majani ya rubabu usiyaguse

Februari hii ujumbe mwingi umetoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, wanataka kupika vyakula vya huko huko kwa vitu vya msimu vilivyopo sokoni, na mimi nimefurahi kwelikweli maana kila siku naulizwa bamia za kupandishwa ndege. Nimechagua barua nne.

Shangazi shikamoo. Niko Preston mwaka wa sita sasa, watoto wanakula hotpot shuleni, kile chakula cha Waingereza cha nyama na viazi vya oveni, wanaisifia mno, nikasema ngoja niwapikie nyumbani. Nimenunua nyama ya mwanakondoo supamaketi kwa hela nyingi, nikaitia kitunguu swaumu, tangawizi, bizari nzima na garam masala, nikaweka oveni moto mkali saa moja. Viazi vya juu vimeungua, vya chini vigumu, nyama kavu. Mdogo akaniambia mama hii siyo hotpot. Nimekosea wapi? (Mama Watatu, Preston)

Marahaba mwanangu. Mtoto kasema kweli, usimkasirikie. Viungo ulivyoweka ni vya pilau, na hotpot ladha yake yote inatoka kwenye mafuta ya kondoo, kitunguu kilichoiva polepole na viazi, basi, chumvi na pilipili manga ndo vinamalizia.

Hiki ni chakula cha huko huko Lancashire unakokaa, kinahusishwa sana na watu wa viwanda vya pamba, chungu kinapangwa mapema kinaachwa kwenye moto mdogo masaa na masaa, watu wanatoka kazini wamechoka wanakuta kimeiva. Sasa nyama ya kukaa motoni muda wote huo haiwezi kuwa ile laini ya bei mbaya, asili yake ni kondoo aliyekomaa, nyama ngumu yenye mafuta na mfupa, na hiyo supamaketi ni nadra kuiona ila bucha ya halali ya mtaani kwako inayo karibu kila siku. Waingereza wenyewe leo wanahangaika kuipata, wewe unaipita pale unapokwenda kununua mbuzi!

Mwambie muuza bucha akukatie shingo, kilo moja, vipande vikubwa kama vya supu. Ipake unga wa ngano kidogo, chumvi, pilipili manga ya kutosha, ikaange kwa mafuta hadi iwe kahawia pande zote, itoe, afu kwenye mafuta yaleyale weka vitunguu vikubwa vitatu ulivyokata duara, viache vilegee taratibu bila haraka. Viazi kilo moja, Maris Piper ni vizuri sana, menya ukate vyembamba kama unene wa sarafu mbili. Panga kwenye chungu cha oveni chenye mfuniko, viazi kidogo chini, nyama, vitunguu, kitawi cha thaimu kama unacho, mimina supu ya mifupa kama nusu lita, isifunike kila kitu, halafu viazi vilivyobaki vipange juu vikilaliana kama vigae vya paa. Paka siagi, funika, digrii 160, masaa mawili na nusu. Usifungue fungue! Mimi mara ya kwanza nilifungua kila baada ya robo saa nione maendeleo, joto likawa linatoka, saa tatu usiku tulikuwa bado tunasubiri. Mwishoni toa mfuniko, pandisha hadi 200, nusu saa au zaidi kidogo, mpaka uone kingo za viazi zimejikunja na kuwa kahawia na mchuzi unachemka ukitokeza pembeni, unasikia kabisa vile unavyobubujika.

Pembeni wanakula na kabichi nyekundu ya siki. Usiiruke, ukali wake unakata mafuta, ni kazi ileile ya kachumbari kwenye pilau.

Shangazi habari yako. Mimi ni kijana naishi peke yangu Leicester, nilikula Cornish pasty stesheni, ile ya unga uliokunjwa wenye nyama na viazi ndani, nikaipenda, nikajaribu kutengeneza kwa nyama ya kusaga niliyoipika kwanza kama ya sambusa, na karoti. Ikatoka kavu kama mchanga. (Kapera wa Leicester)

Nzuri kaka. Hapo umeponzwa na sambusa. Sambusa inakaa kwenye mafuta dakika chache tu ndo maana nyama inatangulia kupikwa, pasty inakaa oveni karibu saa zima, kwa hiyo kila kitu kinaingia kibichi na kinaivia humo ndani, maji ya nyama na kitunguu yanaingia kwenye viazi, ukipika kwanza yale maji yote umeshayaacha kwenye sufuria.

Nyama siyo ya kusaga. Omba ile nyama ya tumboni ya ng'ombe wanayoita skirt, kata kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi makubwa, changanya na viazi, kitunguu na swidi, ile turnipu kubwa yenye ngozi ya zambarau na ndani njano, Februari iko tele na ni bei ya chini. Karoti toa kabisa, watu wa Cornwall hilo hawakusamehe, na wana haki yao maana tangu 2011 jina hilo linalindwa kisheria, inayouzwa kama Cornish pasty lazima iwe imetengenezwa Cornwall na iwe na vitu hivyo. Ya nyumbani kwako hakuna atakayekushtaki lakini ladha yake ndiyo hiyo. Unga ukande kwa siagi badala ya mafuta ya nguruwe, uache friji saa moja, sukuma duara ukubwa wa sahani, jaza nusu, tia chumvi na pilipili manga zaidi ya unavyodhani inatosha, kunja, suka ukingo pembeni kama unavyosuka ukingo wa mkeka. Paka yai. Digrii 200 dakika 20, shusha 170 dakika 35 hadi 40. Na ukiitoa iache ipumue dakika kumi, ndani inaunguza ulimi.

Sasa Anti! Mimi ni wa Nyeri lakini niko Edinburgh nasoma. Hapa kale ni mob sana winter na ni cheap, lakini nimechoka kuipika tu kama sukuma kila siku. Kuna kitu ya Waskoti naweza jaribu? (Msichana wa Nyeri)

Poa mwanangu. Kipo na utacheka ukikiona, maana ni ndugu wa mukimo wa kwenu. Kinaitwa rumbledethumps, kinatoka kusini ya hapo ulipo, kule Borders. Chemsha viazi uponde, kale au kabichi ikaange na kitunguu kwenye siagi nyingi hadi ilainike, changanya pamoja, weka kwenye bakuli la oveni, juu kwaruza jibini ya cheda, oveni hadi jibini iwe na mabaka ya kahawia. Ukiwa na swidi iponde na viazi, inatoa utamu. Mimi nakula hivyo hivyo tu bila kitoweo, na kesho yake kilichobaki nakikaanga kwenye kikaango kama chapati nene, hapo ndo kitamu zaidi.

Shangazi shikamoo. Jirani yangu hapa Wakefield, bibi mzee, kanipa fungu la rubabu (wenyewe wanaita rhubarb), alikuwa ameiotesha chini ya ndoo bustanini kwake. Mabua sijui nifanyeje, ila majani nimeosha nataka kuyapika kama mchicha na nazi. Ni sawa? (Mgeni wa Yorkshire)

Marahaba. HAPANA. Yatupe sasa hivi hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Majani ya rubabu yana sumu, kuyachemsha hakuisaidii na nazi haiisaidii. Najua mkono wetu sisi ukiona jani unawaza mchicha, kisamvu, matembele, lakini hili siyo la kuliwa. Linaloliwa ni bua peke yake.

Na bua lenyewe umepewa zawadi kubwa, Wakefield ndiko kwao. Kati ya hapo, Morley na Rothwell wanaiotesha kwenye mabanda ya giza wakati wa baridi na wanavuna kwa mwanga wa mishumaa ili bua lisione jua, libaki laini na la waridi. Ndoo ya bibi inafanya kazi hiyohiyo.

Kata mabua vipande vya kidole, nusu kilo kwa sukari vijiko vinne au vitano vikubwa, tangawizi mbichi kijiko kimoja kidogo (hapa tangawizi inaruhusiwa, inapendana na rubabu kweli), panga kwenye bakuli la oveni. Juu sugua kwa vidole unga gramu 150, siagi baridi 75, sukari 75, mpaka iwe kama makombo ya mkate, mwaga juu usishindilie. Digrii 180, dakika 40. Ikiiva mpelekee bibi bakuli lake ingali ya moto, na kastadi pembeni.